Saa 24 za Kwanza: Maneno kwa Wazazi wa Oli, Arua

Hotuba hii ilitolewa na mkunga mmoja mbele ya wazazi wa mtaa wa Oli, jijini Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda. Imeandikwa karibu na ilivyosemwa. Maswali ya mwisho yamefupishwa.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Sheikh wetu, mchungaji, mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), wazee, mama zangu, dada zangu. Na nyinyi akina baba mliosimama kule chini ya mwembe kana kwamba mnangoja boda, sogeeni, viti vipo. Mambo ya leo yanawahusu kuliko mnavyodhani.

Nimeombwa niseme juu ya homa ya ini B na watoto wetu. Lakini sitaanza na mtoto. Nitaanza na mwanaume wa miaka arobaini.

Mnamjua. Sidhani kama kuna mtaa hapa ambao haujamzika mmoja. Alikuwa mzima wa afya, anaendesha lori la Juba au anauza vitenge sokoni, pombe hagusi. Ghafla akaanza kukonda, macho yakawa ya njano, tumbo likajaa maji, na miezi michache baadaye tukaenda makaburini. Matangani watu wakanong'ona: amelogwa, amelishwa sumu kule Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, mke mdogo amemfanyia kitu. Ndugu wakagombana, wengine hawasalimiani mpaka leo. Kumbe kilichomuua, mara nyingi, kilimwingia kabla hajajua kutambaa.

Virusi vya homa ya ini B vina tabia yao. Vikimpata mtu mzima, kwa kawaida mwili unapigana navyo na kuvitoa. Kati ya watu wazima 100 wanaoambukizwa, hawafiki 5 wanaobaki navyo maisha yao yote. Vikimpata mtoto mchanga hesabu inageuka juu chini: kati ya 100, wanaobaki navyo ni 90 au zaidi. Mwili wa mtoto huyo bado haujajua nani mgeni nani mwenyeji, kwa hiyo virusi vikibisha hodi unavikaribisha ndani na kuvitandikia kitanda. Mtoto haumwi. Ananyonya vizuri, anaongezeka kilo, anakwenda shule, anacheza mpira. Ini linaharibika taratibu miaka 20, miaka 30, hakuna anayejua. Linakuwa gumu, linajaa makovu, na kwa baadhi yao inaingia saratani. Barani Afrika saratani hii haingoji uzee. Inawakuta watu wakiwa na watoto wa kusomesha na nyumba ambayo haijaezekwa.

Ndiyo maana ugonjwa wa baba wa miaka arobaini unazuiwa katika wodi ya wazazi. Ukingoja awe baba, umeshachelewa: dawa za kutuliza virusi zipo na zinasaidia sana, lakini za kuvifuta kabisa mwilini hatuna.

Takwimu sitawapa nyingi, nyingine zinalalisha watu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na homa ya ini B, na ndani ya mwaka huo iliua watu milioni 1.1. Katika maambukizi mapya ya dunia nzima, asilimia 63 yako Afrika. Hapa kwetu, damu za watu wazima zilizochukuliwa katika utafiti wa 2004 na 2005 zilionyesha kwamba nchi nzima mtu mmoja kati ya kumi alikuwa na virusi hivi. Karamoja ilikuwa karibu asilimia 24. Sisi West Nile, eneo letu hili, tulizidi asilimia 18. Kule kusini magharibi, upande wa Mbarara na Kabale, walikuwa chini kabisa. Kwa hiyo mkisikia watu wa Kampala wanauliza kwa nini watu wa kaskazini wanapiga kelele juu ya ini, jibu ni hilo.

Utafiti mwingine wa kitaifa wa 2016 na 2017 ukakuta watu wazima wako kwenye asilimia 4 na kitu. Njia za kupima hazikuwa zile zile, kwa hiyo sitaziweka tafiti mbili hizi kwenye mizani moja. Ila kuna namba moja ndani ya huo wa pili iliyonifurahisha: watoto walio chini ya miaka 15 walikuwa chini ya asilimia 1.

Kwa nini watoto wako chini hivyo? Kwa sababu ya sindano ya paja. Mwaka 2002 serikali iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ile sindano mnayoijua, pentavalenti, inayokinga magonjwa matano kwa pamoja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na Hib, bakteria inayoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mtoto anaipata wiki ya 6, wiki ya 10 na wiki ya 14. Basi fanyeni hesabu. Msichana aliyezaliwa 2002 na kumaliza sindano zake tatu, leo ni mwanamke wa zaidi ya miaka ishirini. Ameanza kuzaa. Nimewapokea leba watoto wa wasichana hao, na wengi wao hawana virusi, kwa hiyo hawana cha kumrithisha mtoto. Tukisema kizazi kijacho, kimekwisha kuanza, kiko kliniki na kadi mkononi.

Kuna wenzetu waliotutangulia kwenye njia hii. Kisiwa cha Taiwan kilikuwa na balaa la ini kubwa kuliko letu. Mwaka 1984 wakawa wa kwanza duniani kuchanja watoto wachanga nchi nzima, wakianza na watoto wa mama wenye virusi. Wakati huo katika mji wao mkuu, Taipei, karibu mtoto mmoja kati ya kumi alikuwa na virusi. Miaka kumi baadaye ilikuwa asilimia 1.3. Na saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 mpaka 14 ilishuka karibu nusu. Saratani, jamani! Sindano ya mtoto mchanga imezuia saratani.

Lakini wao walianza siku ya kuzaliwa. Na hapo ndipo penye kidonda chetu.

Dada zangu, sikilizeni hapa. Pentavalenti inaanza wiki ya 6. Mama mwenye virusi anampa mtoto lini? Mara nyingi ni wakati wa kuzaa, damu inapokutana na damu. Kama mama ana virusi vingi, kati ya watoto 10 wanaozaliwa bila kupewa kinga yoyote, 7 mpaka 9 huambukizwa. Sindano ya wiki ya 6 inamkuta mtoto huyo mgeni ameshahamia. Na msije mkasema basi mpeni pentavalenti siku ileile. Haifai kwa mtoto aliye chini ya wiki sita. Ipo chanjo ya homa ya ini B peke yake, na Shirika la Afya Duniani tangu 2009 linasema kila mtoto aipate ndani ya saa 24 za kwanza. Katika bara letu, kati ya watoto 100 wanaozaliwa, ni 18 tu wanaoipata. Inafanya kazi kwa sababu inaufundisha mwili wa mtoto kujilinda kabla virusi havijajikita kwenye ini. Ikichelewa siku moja, mbili, bado mpeleke, inasaidia. Lakini kila siku inayopita inakula nguvu yake.

Nitawaambia jambo ambalo wakubwa wa kazi hawapendi tulisemee kwenye mkutano. Nilifanya kazi katika kituo kimoja, sitakitaja, ambako chanjo hii ilikuwepo. Ipo, kwenye friji. Friji iko kwenye chumba cha chanjo, ufunguo uko kwa mtu wa chanjo, na mtu wa chanjo anafanya kazi Jumatatu mpaka Ijumaa mchana. Watoto hawajui Jumamosi. Mama anajifungua Ijumaa usiku, anaruhusiwa Jumamosi asubuhi, Jumatatu yuko Vurra kwao analelewa na mama mkwe. Saa 24 zimepita na chanjo iko mita chache kutoka kitandani alikolala. Siku nyingine ufunguo upo, lakini kichupa kina dozi kumi na mtoto ni mmoja, na mkunga anaogopa kuulizwa kwa nini amefungua dozi kumi kwa mtoto mmoja. Kwa maoni yangu mkunga huyo afungue. Kichupa cha chanjo hii kikitunzwa vizuri kwenye baridi yake kinaweza kuendelea kutumika mpaka siku 28. Tena chanjo hii inavumilia joto kuliko nyingi. Kinachoiua ni kugandishwa. Friji ndogo ya leba na ufunguo mfukoni mwa mkunga wa zamu, hilo si jambo la kungoja wazungu.

Nyinyi wazazi kazi yenu hapo ni kuuliza. Uliza mimba ikiwa bado changa, usingoje uchungu ukubane: "Sista, hapa mna sindano ya ini ya siku ya kwanza? Nikizaa Jumapili nani atampa mtoto?" Ukiambiwa haipo, uliza iko kituo gani, upange mapema. Mama anayeuliza anakumbukwa. Nawaambia kama mtu aliyekuwa upande ule wa meza.

Sasa kupimwa. Mkifika kliniki ya wajawazito mnatobolewa kidole kwa ajili ya ukimwi na kaswende, mmeshazoea. Ombeni na kipimo cha homa ya ini B. Ni tone la damu kwenye kikaratasi, majibu ndani ya nusu saa. Ukikutwa huna virusi, shukuru Mungu na uulize kuhusu kuchanjwa mwenyewe. Ukikutwa unavyo, usilie kana kwamba umehukumiwa. Mama mwenye virusi vingi anaweza kupewa tenofoviri, dawa ya kutuliza virusi, kuanzia wiki ya 28 ya mimba, ili virusi viwe vichache siku ya kuzaa, kisha mtoto akapata chanjo yake ya siku ya kwanza na zile tatu za kliniki. Hapo nafasi ya mtoto kuwa salama ni kubwa mno. Mtoto huyo akifika miezi tisa au zaidi, akiwa amemaliza chanjo, apimwe tujue.

Najua kinachowasumbua kuhusu tenofoviri. Hiyo hiyo inatumika kwa ukimwi. Jirani akiona kopo kwenye rafu, jioni hiyohiyo mtaa mzima umeshapata habari. Kuna akina mama wanaomwaga vidonge kwenye karatasi ya daftari la mtoto na kulitupa kopo chooni. Siwalaumu, ila msiache kumeza. Na nyinyi mnaochungulia makopo ya watu, mna kazi gani kwenye rafu za wenzenu?

Kunyonyesha: nyonyesha. Mama mwenye homa ya ini B ananyonyesha mtoto wake, maziwa hayampi ugonjwa. Nimeona mama mkwe amemnyang'anya mtoto na kumlisha uji wa mhogo akiwa na wiki mbili, kwa sababu "mama yake ana ini". Huyo mtoto alikuwa kwenye hatari ya kuharisha na kufa kuliko hatari ya ini. Pia kula sahani moja, kushikana mikono, kukohoa, kukumbatiana, havileti. Enyasa, ugali wetu, kuleni pamoja.

Kinacholeta ni damu, na majimaji ya mwili kama yale ya tendo la ndoa. Na hapa naomba wazee wanivumilie. Mtoto aliyeponea leba anaweza kuupatia nyumbani kabla ya miaka mitano, na katika umri huo bado hatari ya kubaki nao ni kubwa kuliko ya mtu mzima. Virusi hivi vinaweza kuishi nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka, siku 7 na vikawa bado vinaambukiza. Sasa fikirini wembe mmoja wa kunyolea watoto watano wa nyumba moja. Fikirini ngariba mwenye kisu kimoja na foleni ya wavulana likizo ya Desemba. Sheikh wetu ananitazama. Sheikh, tohara ni sunna na hakuna anayeigusa. Nasema kila mtoto na chombo chake kisafi, au waende kituo cha afya. Chale za kutia dawa, vivyo hivyo. Kutoboa masikio kwa sindano ya kushonea, vivyo hivyo.

Na yale meno. Mtoto ana homa, anaharisha, ufizi umevimba kidogo, bibi anasema ana meno ya uongo yanamla. Anaitwa mtu na spoku ya baiskeli, anachimbua ufizi wa mtoto wa miezi minne. Spoku hiyohiyo inafutwa kwenye kitambaa na kwenda nyumba nyingine. Yale si meno ya uongo, ni meno ya mtoto ambayo hayajatoka. Nimeshika mtoto aliyeletwa na fizi mbichi, damu imeganda shingoni, na malaria yake haijatibiwa. Sina maneno laini kwa hili: msimpe mtu yeyote mdomo wa mtoto wenu.

Kidogo juu ya karanga, maana hapa ni kwetu na tunazipenda. Karanga, mahindi na simsim vikihifadhiwa na unyevu vinaota ukungu unaotoa sumukuvu. Sumu hiyo peke yake inaumiza ini; kwa mtu ambaye tayari ana virusi vya B, hatari ya saratani inazidishwa mara nyingi. Karanga zilizokunjamana, zenye rangi ya kijani au nyeusi, msizisage eti harufu itapotelea kwenye mchuzi. Kupika hakuiondoi yote. Kausheni juu ya turubai, si juu ya udongo, na mnazozitilia shaka mzitupe, hata kama bei inauma.

Chanjo ya watu wazima ilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2015, kuanzia huku kwetu kaskazini. Dozi tatu: ya leo, ya baada ya mwezi, ya baada ya miezi sita. Wengi mlichukua ya kwanza kwa fujo na foleni, ya tatu hamkuonekana. Rudini mkamalizie, hamhitaji kuanza upya. Lakini msinunue chanjo kwenye begi la mtu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya chanjo bandia za homa ya ini B zilizokutwa hapa Uganda. Mchanjiwe kituoni, mkiona kichupa kinatoka kwenye friji.

Maswali.

Kijana mmoja ameuliza kwa nini dada yake alikataliwa safari ya Uarabuni baada ya kupimwa damu. Ndiyo, nchi nyingi za Ghuba hukataa mfanyakazi mwenye homa ya ini B. Mimi naona ni uonevu, mtu haambukizi kwa kufagia. Lakini kukataliwa kule kusimwishie kulia uwanja wa ndege. Ameshajua hali yake. Aende akafuatiliwe ini lake, kwa sababu si kila mwenye virusi anahitaji dawa leo, ila kila mwenye virusi anahitaji kuangaliwa mara kwa mara. Na siku akishika mimba aseme kliniki siku ya kwanza kabisa.

Hajati ameuliza kuhusu anayezalia nyumbani. Hajati, wapo, utafiti wa 2016 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 ni 73 waliozaliwa kwenye vituo vya afya, na barabara za huku tunazijua zikinyesha. Usiku ukikushika, mtoto akazaliwa kwenye mkeka, asubuhi mfunike vizuri, mpande boda, umpeleke kituoni pamoja na mama yake. Usingoje kitovu kidondoke wala siku arobaini ziishe. Muite mtu wa VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, akuandikie. Atapata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio pia, na mama ataangaliwa kama anatoka damu nyingi.

Mama wa nguo ya zambarau, umeuliza kwa sauti ndogo lakini naomba niwajibie wote, bila kukutaja. Umekutwa na virusi na una watoto watatu ambao hawakupata sindano ya siku ya kwanza. Walete wote watatu wapimwe, hata huyo mkubwa aliye sekondari. Asiye na virusi na hana chanjo kamili atachanjwa. Mwenye virusi atafunguliwa faili, ini lake litaangaliwa, na maisha yataendelea, shule ataenda na mpira atacheza. Baba yao naye aje, apimwe, achanjwe kama hana. Kama atasema wewe ndiye uliyeleta, mwambie aje kwangu kwanza nimweleze kwamba huenda uliupata siku ulipozaliwa, kabla hajakuoa, kabla hata hajakujua. Niko kliniki kila Jumanne na Alhamisi asubuhi. Njoo na kadi zao za chanjo, hata kama zimeliwa na mchwa pembeni.